Mchungaji, nitajuaje kama namtumikia Mungu au natafuta kusifiwa?

SWALI: Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya, nauza mchele wa Kyela sokoni. Kanisani naimba kwaya na ni mjumbe wa kamati ya ujenzi. Mwaka jana kwenye harambee ya bati majina yalikuwa yakiitwa kwa kipaza sauti. Mwenzangu wa kwaya akatamka laki tano. Nikajikuta nimesimama, nikatamka milioni moja, kanisa zima likapiga vigelegele. Mpaka leo nimelipa laki tatu, na hizo nilizikopa kikoba. Mume wangu hajui nilitamka kiasi gani wala hajui habari ya mkopo. Tena kwenye kamati niliona mifuko ya saruji iliyoandikwa hailingani na risiti, nikanyamaza, maana mwenyekiti ni mzee anayeheshimika na kwangu ni kama baba. Siku hizi nikiimba nasikia moyoni: unafanya ili uonekane. Nafikiria niache kwaya na kamati, niwe nakuja kusali na kurudi nyumbani. Nitajuaje kama ninachofanya ni kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya watu?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Amina, na asifiwe milele.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Habari ya milioni moja umeieleza kwa kirefu, habari ya saruji umeipitia haraka haraka. Mimi ningeanzia hapo ulipopita haraka.

Tukihubiri juu ya kutafuta sifa za watu, mara nyingi tunamsema mtu anayejionyesha: anayeomba kwa sauti kubwa, anayetoa huku akiangalia nani anamwona. Yupo kweli, na Bwana Yesu amemsema. Lakini soma Biblia uone ni mara ngapi jambo hili linatokea kwa namna nyingine kabisa, kwa mtu aliyenyamaza au aliyerudi nyuma kwa sababu anaogopa macho ya wenzake. Mfalme Sauli alitumwa dhidi ya Waamaleki, akamwacha hai mfalme wao Agagi na kubakiza kondoo na ng'ombe walionona. Samweli alipombana, Sauli alikiri kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao. Huyo ni mfalme, mwenye jeshi. Na mistari michache mbele, katika sura hiyo hiyo ya 15 ya Samweli wa Kwanza, anamsihi Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Hofu ya watu na kiu ya heshima zao zimekaa ndani ya mtu mmoja, siku moja. Yohana anasema hivyo hivyo juu ya wakuu wa Wayahudi katika sura ya 12: wengi walimwamini Yesu, lakini hawakumkiri wasije wakatengwa na sinagogi, kwa maana "walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu." Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba watu hao walijisifu. Walikaa kimya tu.

Kinachonigusa zaidi ni kisa cha Petro kule Antiokia, katika Wagalatia sura ya 2. Petro alikuwa ameona Pentekoste. Alikuwa ameingia nyumbani kwa Kornelio akaona Mungu akiwapokea watu wa mataifa. Ukweli aliujua kuliko wengi. Alikuwa akila pamoja na Wakristo wasio Wayahudi, kisha walipofika watu waliotoka kwa Yakobo akaanza kujitenga, akiwaogopa waliotahiriwa. Hatuelezwi kwamba alihubiri uongo wowote. Alihama meza tu. Lakini Paulo alimpinga ana kwa ana, kwa sababu kuhama meza kule kuliwaambia ndugu wa mataifa kwamba wao ni Wakristo wa daraja la pili. Hata Barnaba, yule aliyeuza shamba lake akaweka fedha miguuni pa mitume, alichukuliwa na unafiki ule. Kama watu hawa wawili waliteleza hapo, usishangae kwamba wewe uliona risiti ukafunga daftari.

Sasa njoo kwenye ahadi yako.

Katika Mathayo 6 Yesu anawazungumzia watoaji wanaopiga panda mbele yao ili watukuzwe na watu. Hasemi kwamba hawatalipwa. Anasema wamekwisha kupata thawabu yao. Yaani walitaka watu wawasifu, na watu wamewasifu, hesabu imefungwa. Ndiyo maana laki saba zilizobaki zinakulemea hivi, dada yangu. Malipo yake ulikwisha kuyapokea siku ile, kwa vigelegele, na sasa unafanya kazi ambayo ujira wake ulikwisha kuliwa. Usiuchukue uzito huo kuwa dalili kwamba Mungu amekuacha. Mara nyingi Mungu humwachia mtu aonje jinsi sifa za watu zinavyoisha haraka, ili aanze kuuliza unachouliza wewe.

Na hapa niseme neno kwa sisi wachungaji na wazee wa kanisa, kwa maana kosa si la mama wa Uyole peke yake. Mnada wa baada ya ibada siupingi hata kidogo. Bibi asiye na fedha taslimu analeta mayai, mkungu wa ndizi au kuku, naye anakuwa mtoaji kama mwenye mshahara. Hilo ni jema. Lakini tunapoita majina kwa kipaza sauti, tukamlinganisha mtu na jirani yake, tukapandisha dau kwa kelele, tukaweka viti vya mbele kwa wenye ahadi kubwa, tunawawekea waumini wetu mtego ambao Yakobo sura ya 2 imeukataza waziwazi aliposema juu ya mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye mavazi mabovu. Kanisa linaweza kupanga mambo yake yamsaidie mtu badala ya kumjaribu. Kule Herrnhut, Ujerumani, chimbuko la Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, watu walizikwa chini ya mawe bapa yanayofanana, wanaume upande wao na wanawake upande wao, kila mmoja akilazwa kando ya yule aliyemtangulia kufa, si kwa ukoo wala kwa utajiri. Ningependa tulikumbuke hilo kwenye misiba yetu huku Nyanda za Juu Kusini, ambako siku hizi familia zinaingia madeni kwa ajili ya marumaru ya kaburi. Bahasha isiyotajwa hadharani ni jambo dogo kuliko hilo, na kila kanisa linaliweza.

Umeuliza utajuaje. Nitakujibu kwa namna ambayo huenda hukuitarajia: kwa kuuchungulia moyo wako, hutajua. Paulo, aliyeandika kwamba "kama ningekuwa hata sasa nawapendeza wanadamu, singekuwa mtumwa wa Kristo," ndiye huyo huyo anayewaambia Wakorintho, katika sura ya 4 ya waraka wa kwanza, kwamba hukumu yao kwake si kitu, halafu anaongeza kwamba hata nafsi yake haihukumu. Dhamiri yake haimshitaki, lakini hilo peke yake halimhesabii haki. Anayemhukumu ni Bwana. Hebu lishike hilo. Mtume amekataa kuwa mateka wa maoni ya watu, na amekataa vilevile kuwa mateka wa maoni yake juu yake mwenyewe. Sauti unayoisikia ukiimba, kwamba unafanya ili uonekane, ina ukweli ndani yake. Sijakutana na mwimbaji, mhubiri wala mzee wa kanisa ambaye nia yake ni maji safi matupu, na mimi sijitoi. Lakini ukisubiri nia itakate ndipo uimbe, hutaimba mpaka Bwana arudi. Na ukiacha kwaya, bado hujatoka machoni pa watu, kwa sababu utaanza kujiuliza wanasemaje juu ya kuacha kwako.

Kwa hiyo tazama mahali pengine. Siku Yesu alipobatizwa katika Yordani, sauti ilitoka mbinguni: "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Angalia ilikuwa lini. Katika Mathayo ni sura ya 3. Hajamponya mtu, hajahubiri mlimani, hajalisha maelfu. Kupendezwa kwa Baba kulikuja kwanza, kazi ikafuata. Nasi tulio ndani yake kwa imani tumepokewa kwa njia hiyo hiyo, kama watoto, kwa neema, kabla hatujaleta chochote. Sisi wa Rungwe tumezoea mizani ya majani ya chai: unachuma, unapimwa, unalipwa kwa kilo. Wakristo wengi wanamwendea Mungu vivyo hivyo, na hapo ndipo penye hatari kubwa ya somo hili la kumpendeza Mungu badala ya watu. Mtu anaambiwa aache kutafuta kibali cha watu, anaitikia, halafu anaanza kukitafuta cha Mungu kwa wasiwasi ule ule, jasho lile lile, kujilinganisha kule kule. Amebadilisha tu anayemtazama. Bado hajawa huru. Uhuru unaanza pale unapoamini kwamba kibali hicho umekwisha kupewa katika Kristo, na kwamba laki saba haziwezi kukiongeza wala kukipunguza. Aliyekwisha kupokewa nyumbani ana nguvu ya kusema ukweli barabarani, kwa sababu watu wakimkataa ana mahali pa kurudi.

Ukishasimama hapo, acha kuuliza hisia zako, uliza mambo yanayoonekana. Je, kama jina lako lisingesomwa, ungetoa kiasi gani? Nani analipia huduma yako bila kuulizwa? Katika barua yako jibu ninaliona: watoto na mumeo. Na ni kitu gani unakificha? Hili la mwisho hunisaidia kuliko yote ninapokaa na watu. Nia hujigeuza rangi, lakini kinachofichwa kinakaa mahali pake, unaweza kukishika na kukitoa nje.

Juu ya ahadi, Mhubiri 5 inasema ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na najua mstari huo unakutisha. Lakini soma na Mithali 6, mistari ya mwanzo, juu ya mtu aliyejifunga kwa dhamana ya fedha. Anaambiwa ametegwa kwa maneno ya kinywa chake. Shauri analopewa haliwi kwamba akope zaidi ili alinde heshima. Anaambiwa aende kwa haraka, akanyenyekee, amsihi rafiki yake, asiyape macho yake usingizi mpaka amejiponya. Biblia imemfungulia mlango mtu aliyetamka kuliko uwezo wake, na mlango wenyewe ni unyenyekevu. Paulo naye, akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, anawaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Basi nenda kwa mhazini, au kwa mchungaji wako, mwambie kwa kinywa chako: nilitamka kuliko uwezo wangu, nimelipa laki tatu, ninachoweza kuongeza ni hiki, kwa muda huu. Na kikoba usikiguse tena kwa ajili ya sadaka. Maliza deni lililopo.

Kama unaogopa kisa cha Anania na Safira, kisome taratibu. Petro alimwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Angeweza kuleta nusu na kusema ni nusu, na asingekuwa na kosa. Aliangamia kwa kuleta sehemu huku akitaka aonekane ameleta yote. Wewe unapokwenda kusema "sina," unatembea upande wa pili kabisa wa barabara ya Anania.

Watu watasema? Watasema. Sitakudanganya. Sokoni mnafahamiana, na mwenzako wa laki tano atasikia. Itauma siku kadhaa, huenda wiki.

Juu ya saruji, nataka ukae na mstari mmoja ambao watu wengi wanaupita. Ni 2 Wakorintho 8, mistari ya 20 na 21. Fedha za Yerusalemu zilipokuwa zikisafirishwa, Paulo hakukubali kuzibeba peke yake. Alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa wafuatane nazo, mtu asije akawalaumu, akasema wanatafuta yaliyo mema si mbele za Bwana tu bali na mbele ya wanadamu. Mtume yule yule asiyejali hukumu ya wanadamu! Linapokuja suala la fedha za kanisa, anataka kila jicho lione. Kwa hiyo kuomba risiti si kumvunjia mzee heshima, na kusema "Mungu anaona" hakutoshi mahali ambapo waumini nao wana haki ya kuona. Waliouza kuku na mahindi yao ili saruji inunuliwe wanastahili hesabu.

Namna ya kuliendea ni muhimu kama jambo lenyewe. Usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Usilianzishe kwenye jumuiya. Mathayo 18 inakutuma uende kwanza kwake, ninyi wawili peke yenu, na mila zetu zinakubaliana na hilo, maana mzee haulizwi hadharani. Mpe shikamoo yake yote. Mwambie: "Baba, kuna hesabu sijaielewa, naomba unieleweshe, maana waumini wakiniuliza sina la kuwajibu." Unauliza, hushitaki. Huenda risiti moja ilibaki kwa fundi, au mifuko ilikopeshwa jengo la shule ya Jumapili na haikuandikwa. Huenda sivyo. Akikueleza, ombeni pamoja na hesabu isahihishwe kwa maandishi. Akikufukuza, chukua mjumbe mmoja mnayemwamini wote wawili, kisha baraza la wazee na mchungaji. Usizidishe, na usipunguze uliloliona.

Neno moja la tahadhari, kwa sababu nimeona somo hili likitumiwa vibaya huku kwetu kuanzia Makambako mpaka Tunduma. Yupo mtu akionywa na mkewe, wazee au mchungaji wake, anajibu: "Mimi natazama kibali cha Mungu tu, ya watu hayanihusu." Huo ni ukaidi uliovaa joho. Paulo anayekataa kuwapendeza wanadamu anawaambia Warumi kwamba kila mmoja wetu na ampendeze jirani yake, apate wema, akajengwe. Ukimpendeza jirani kwa faida yake, huo ni upendo. Ukimpendeza kwa faida ya jina lako, hapo ndipo ulipo utumwa. Unapolainisha sauti mbele ya mwenyekiti humwogopi, unamjali. Tofauti utaijua kwa kuangalia kama, baada ya kulainisha sauti, swali lenyewe limeulizwa au la.

Kwaya usiache. Kamati nayo usiache sasa hivi, kwa kuwa ukitoka, aliyeona risiti ametoka. Ila anza jambo moja ambalo hakuna atakayelijua. Yesu alitaja sadaka, sala na kufunga kuwa mambo ya sirini, na naamini alifanya hivyo kwa sababu moyo hujifunza kwa mazoezi. Wewe unauza mchele. Ipo nyumba jirani na kwako ambayo kilo mbili zingewafikisha mwisho wa wiki. Zipeleke bila picha, bila kuweka status, bila hata kumsimulia rafiki yako wa karibu. Utaona mwanzoni moyo unawashwa kutaka kusimulia. Usisimulie, rudia tena wiki nyingine. Huko ndiko mtu anakozoea polepole kutosheka na Baba aonaye sirini.

Lakini kabla ya mhazini na kabla ya mwenyekiti, anza na mumeo. Mweleze yote mawili usiku mmoja, milioni na kikoba, na mwoneshe daftari la marejesho ili asije akahisi kuna lililobaki. Chagua wakati watoto wamelala na hakuna mgeni. Akikasirika, mpe nafasi akasirike. Usijitetee kwa kusema ulikuwa unamtolea Mungu, maana fedha ile ilikuwa ya nyumba na yeye ndiye wa kwanza uliyemficha. Kiasi utakachomwambia mhazini mkipange pamoja, kikitoka kwenye mapato ya biashara baada ya ada na chakula. Na habari ya saruji mshirikishe kabla hujaenda kwa mzee, kwa sababu likichemka maneno yatafika mlangoni kwenu, naye asiyasikie kwanza kwa watu.